Funga au Funga

3 Machi, Jumatatu

Leo nimehamia meza ya dirishani. Miaka yote nilikuwa kule ndani na watunga programu, tukiandika programu zinazoendesha pampu za kutoa maji ya mvua mtaa wa bondeni. Kuanzia leo mimi ni mwandishi wa miongozo. Niliomba mwenyewe, mtu asinizulie. Nilichoka kuamshwa na simu kila pampu inapokohoa, na kusema kweli napenda kuandika maneno yatakayosomwa na binadamu, si mashine peke yake.

Kinachonikera ni jinsi bosi alivyokubali. Tunamwita Sawasawa kwa sababu ndilo jibu lake la kila kitu, lakini sawasawa yake kwa kawaida huchukua mwezi kuiva. Hii yangu imetoka hata chai haijapoa. Mimi nikiomba ruhusa ya siku mbili huzungushwa kama pia, leo naomba kuacha kazi nzima niliyoisomea, "Sawasawa, mama, hongera sana." Sikuzaliwa jana. Kuna namna.

6 Machi, Alhamisi

Wenzangu wa zamani wameshanibatiza: Karani. Wakipita dirishani wanaitana, "Karani yupo? Karani anaandika!" Nami nacheka nao huku nikiangalia nani anacheka kupita kiasi.

11 Machi, Jumanne

Kazi yangu ya kwanza ni karatasi moja ya kubandikwa ukutani kwenye kituo cha pampu, kabla mvua kubwa hazijaanza. Programu inaendesha pampu zenyewe, lakini maji yakizidi kuna mambo ya mikono ambayo msimamizi wa kituo lazima ayafanye. Msimamizi mwenyewe ni mgeni, mama mmoja aliyeajiriwa juzijuzi. Kwa hiyo atategemea karatasi yangu, neno kwa neno.

Nimeiandika mara tatu. Si kwa ajili ya Sawasawa. Dada yangu anakaa bondeni, nyumba ya kwanza chini ya kituo, na hapo hapo ndipo anaposhonea sare za shule. Mwaka jana maji yalipanda mpaka kwenye miguu ya cherehani. Karatasi hii ikiwa sawa, Dada analala. Ikikosewa, anaogelea.

Nimemwambia hivyo mume wangu. Akasema, "Basi andika vizuri, uache kuwindana na watu." Huyu naye husema mimi nikikaribishwa chai huuliza kwanza nani mwingine ameinywa. Na kuna ubaya gani kuuliza?

14 Machi, Ijumaa

Nimesikia kwa mpokea wageni kwamba meza hii haikuombwa na mimi peke yangu. Kobe naye aliiomba.

Kobe tulikaa meza moja kule ndani miaka mingi. Jina alilipata kwa upole na kimya chake. Sentensi yake moja unaweza kwenda kunawa mikono ukarudi ukaikuta bado haijaisha. Yeye ndiye huenda vituoni kuangalia kama programu na mabomba vinaelewana. Sisi wengine tulikuwa tunaviona vituo kwenye skrini tu. Siku zote nilimhesabu mtu mwema. Lakini kwa nini hakuniambia kwamba naye ameomba? Na kwa nini alipokosa hakununa? Mtu akikosa kitu anachokitaka hununa. Asiyenuna anapanga. Waliosema ukimwona kobe ameinama ujue anatunga sheria hawakuwa wajinga.

19 Machi, Jumatano

Nilijua! Nilijua!

Kwenye karatasi nilikuwa nimeandika: "Maji yakifika mstari mwekundu, funga bomba la pili." Kwetu sisi hiyo ni lugha ya kila siku. Bomba likiungwa kwenye mfumo lianze kazi tunasema limefungwa, kama fundi anavyofunga mita au kufunga feni. Yaani maji yakizidi bomba moja, funga na la pili, yatoke kwa mawili.

Leo asubuhi nafungua faili nakuta: "fungua bomba la pili."

Fungua! Maji yamejaa, watu wanahangaika, halafu msimamizi alifungue bomba linaloyatoa aliweke chini! Nikatazama historia ya faili kuona ni mkono wa nani. Kobe. Tena pembeni, pale pa maoni, ameniachia maneno matatu: "Funga au funga?"

Nimeyasoma huku na huku. Funga au funga. Ananitania? Ananiita mtoto? Mtu mzima ataulizaje swali lenye jibu moja mara mbili, kama si dharau? Nimerudisha neno langu. Maoni yake nimeyafuta.

20 Machi, Alhamisi

Nimemwangalia siku nzima kupitia kioo. Hakuniangalia hata mara moja. Asiye na hatia angeniangalia.

24 Machi, Jumatatu

Kobe amekuja mezani kwangu. Kasimama kwanza, anashika ukingo wa meza, anauachia. Yeye haniiti Karani kama wengine.

"Mwenzangu," akasema, "twende kituoni mara moja."

"Kufanya nini?"

"Ukaone. Lile neno lako la... ukiona utaelewa."

"Nieleze hapa hapa. Masikio ninayo."

Akafikiri weee. "Maneno yananishinda. Ukiona koki yenyewe, utaelewa."

Nikamwambia nina kazi nyingi. Akaondoka. Sasa jiulize: mvua imeanza kunusanusa, barabara ya kituoni ni tope tupu, na mtu aliyeharibu sentensi yangu anataka nitoke ofisini nusu siku. Meza yangu ibaki na nani? Faili langu lifanywe nini? Ng'o. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

27 Machi, Alhamisi

Amerudia. "Fungua koki ya bomba la pili." Safari hii ameongeza na koki, sijui ili kionekane kitu cha kitaalamu. Pembeni swali lile lile: "Funga au funga? Tafadhali."

Hiyo tafadhali ndiyo iliyonichemsha. Nimerudisha neno langu na kubadilisha paswedi.

28 Machi, Ijumaa

Nimempitia Dada. Ana oda ya sare za shule nzima, vitambaa vimejaa mpaka kitandani, anatembea ubavu ubavu ndani ya chumba chake mwenyewe. Nikamwambia mwaka huu asihofu, karatasi ya kituoni naiandika mimi.

"Mdogo wangu, kwa hiyo mwaka huu mafuriko yatakuja na barua?" akacheka mpaka sindano ikamdondoka mdomoni. Halafu akanishika mkono. "Najivunia wewe. Nimewaambia majirani wote."

Ningemwambia habari za Kobe, lakini angepoteza usingizi. Nimeibeba mwenyewe.

1 Aprili, Jumanne

Mvua tangu alfajiri. Paa la ofisi linavuja juu ya meza yangu tu. Juu ya za wengine halivuji.

4 Aprili, Ijumaa

Nimeandika barua kwa bosi. Nimeeleza yote: maneno yangu yamegeuzwa mara mbili kinyume chake, kwa siri, na mtu aliyeitaka nafasi yangu, kama nisingekuwa macho, mtaa mzima ungezama. Sikutia chumvi. Labda kidogo kwenye "kwa siri".

Sawasawa akaisoma wima. "Sawasawa," akasema. Mpaka mchana Kobe alikuwa amefungiwa faili zote na kuambiwa akae nyumbani mpaka mvua ziishe, uchunguzi ufanyike. Haraka ile ile ya siku niliyopewa meza. Safari hii sikuishangaa.

Kobe akakusanya vitu vyake: kikombe, koti la mvua, buti zake za vituoni zenye udongo mwekundu. Alipofika mlangoni akageuka. Nikajiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu tayari.

"Basi nenda wewe," akasema. "Kituoni. Nenda wewe mwenyewe."

"Nitaenda," nikamwambia.

9 Aprili, Jumatano

Karatasi imechapwa herufi kubwa, imewekewa plastiki, imebandikwa ukutani. Sawasawa ametia sahihi chini. Kituoni sijaenda, tope limefika magotini. Nitaenda likikauka.

13 Aprili, Jumapili

Mvua.

14 Aprili, Jumatatu

Mvua. Kule ndani hawaniiti tena Karani. Hawaniiti chochote. Nikiingia kuchukua chai wananyamaza, kila mtu na skrini yake. Wananiogopa, au wanaficha jambo? Mpokea wageni ameniambia kwa sauti ndogo, "Yule kaka alikuwa anaipenda kazi hii, dada." Nimemuuliza ametumwa na nani. Akanigeuzia mgongo.

16 Aprili, Jumatano

Nitaandika yote. Nisipoandika leo, kesho nitaanza kujitetea.

Mvua kubwa ilianza baada ya chakula cha mchana. Si ya kunyesha, ya kumwagwa. Saa tisa hivi skrini ikaonyesha maji kituoni yamefika mstari mwekundu. Sikushtuka. Nilijisemea, sasa ndio tutaona faida ya mwongozo. Maji yakaupita mstari. Yakaendelea kupanda. Halafu simu yangu ikalia, Dada.

"Yameingia, mdogo wangu! Yako ndani! Nimepandisha cherehani kitandani, vitambaa sijui niviweke wapi!"

Nikampigia msimamizi wa kituo. Nyuma ya sauti yake mvua ilikuwa inapiga mabati kwa vishindo.

"Mama, mimi ni wa ofisini, mwandishi wa karatasi yako. Maji yako wapi?"

"Yameupita mstari mwekundu, mwanangu!"

"Umefuata karatasi?"

"Neno kwa neno!"

"Bomba la pili umefunga?"

"Nimefunga!"

"Umefunga vizuri?"

"Nimefunga mpaka mikono inaniuma!"

"Kaza tena, mama! Kaza!"

"Nakaza, mwanangu! Nakaza!"

Mungu anisamehe. Mimi ndiye niliyemwambia akaze.

Maji yakazidi kupanda. Nikaanza kufikiri: Kobe. Kwa vyovyote kuna kitu aliacha kwenye programu kabla hajaondoka. Nikasikia mlango unagongwa kule kituoni, na yule mama akasema, "Ngoja. Ameingia yule kijana wenu mpole. Amelowa chapachapa mpaka kifuani. Amekuja kwa miguu, maskini."

"Anafanya nini?"

"Anaenda kwenye bomba la pili. Ananiambia nisogee. Anafungua!"

"Mzuie!" Nilipiga kelele mpaka watu wakatoka kule ndani. "Mama, mzuie! Asifungue! Atatuua!"

"Ana nguvu, mwanangu, ananiomba radhi huku anafungua... Ala!" Nikasikia mngurumo mzito ambao haukuwepo mwanzo. "Yanatoka! Mwanangu, maji yanatoka kwa mabomba yote mawili! Yanashuka!"

Kwenye skrini mbele yangu maji yalikuwa yanashuka kweli. Watu wa kule ndani wamenizunguka.

"Mama," nikasema, "hilo bomba la pili liliwekwa lini hapo?"

"Tangu kituo kijengwe. Si limejengewa ukutani?"

"Sasa ulipofunga, ulifanya nini?"

"Nilizungusha koki, nikafunga. Si umeandika funga?"

17 Aprili, Alhamisi

Funga au funga.

Hakuwa ananitania. Lilikuwa swali. Kufunga kwa fundi, kwa kuweka kitu kianze kazi, au kufunga kwa mtu yeyote mwenye bomba la maji nyumbani kwake? Na kufungua kwangu kulikuwa kubomoa, kwake kulikuwa kuruhusu maji yapite. Tulikuwa tunasema kitu kimoja kwa maneno yanayopigana, na mimi nikaamini vita.

Nilikwenda kwa Dada. Mstari wa maji ukutani umefika kiunoni. Mota ya cherehani imekufa. Sare za shule nzima ziko chini kwenye tope, huwezi kujua ipi ni shati ipi ni sketi. Yeye alikuwa anakwangua sakafu kwa kipande cha ubao.

"Wanasema kuna karatasi ilikosewa," akasema bila kuinua kichwa. "Aliyeandika hiyo karatasi, Mungu anamwona." Halafu akakumbuka. "Ile yako wameibadilisha, eti? Kuna mtu ameibadilisha?"

Nikasema, "Bado wanachunguza."

Ndivyo nilivyosema. Nikachukua ubao mwingine, nikakwangua.

22 Aprili, Jumanne

Sawasawa ameniita, amefunga na mlango. Mkutano na watu wa bondeni ni keshokutwa, na jibu analo tayari: mfanyakazi aliyesimamishwa kazi aliingia kituoni bila ruhusa, alionekana na msimamizi akichezea koki, na wiki mbili kabla kulikuwa na barua ya malalamiko dhidi yake. Barua yangu. Aliipapasa mezani kama anayempapasa paka.

Nikamwambia, "Yeye ndiye aliyefungua. Maji yalishuka kwa sababu yake."

"Msimamizi anasema hivyo ili ajiokoe. Watu wamepata hasara, mama, wanataka mtu afungwe. Na karatasi ile ina sahihi yangu." Akatabasamu. "Wewe ni mwandishi mzuri. Una meza nzuri. Tulifunge jambo hili, sawasawa?"

Watu wanataka mtu afungwe. Jambo lifungwe. Neno lile lile, limenifuata mpaka chumba hiki, na kila likigeuka linaonyesha meno mapya.

Nikatoka. Kilichoniuma zaidi ni hiki: nilikuwa na mashaka na watu wote, na yule mmoja aliyenikubalia kila kitu ndiye niliyeacha kumshuku.

23 Aprili, Jumatano

Nimemsimulia mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kobe ana nani nyumbani?"

Sijui. Meza moja miaka mingi, na sijui.

24 Aprili, Alhamisi

Ukumbi ulikuwa wa shule, madirisha hayana vioo, watu wamekaa mpaka kwenye madirisha yenyewe. Mbele Sawasawa, nyuma yake safu ya sisi wa ofisini. Dada alikuwa safu ya tatu na majirani zake, wale wale aliowaambia anajivunia mimi. Kobe alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango, amevaa buti zake.

Sawasawa akaanza kusoma. Alipofika kwenye "mfanyakazi mmoja aliyesimamishwa", vichwa vikaanza kugeuka. Mtu akapaza sauti, "Yuko wapi tumwone?" Kobe akatazama chini. Hakukimbia. Nilijua hatasema. Maneno yatamshinda, na watamla mzima.

Nikasimama.

"Naomba kuuliza swali," nikasema. "Nikikwambia: maji yamezidi, funga bomba. Mkono wako utafanya nini? Hebu nionyesheni."

Wakanitazama kama nimerukwa na akili. Halafu bibi mmoja wa safu ya mbele akainua mkono akauzungusha hewani, kama anayekata maji ya bomba. Na jirani yake. Na Dada. Mpaka kwenye madirisha mikono ikawa inazunguka, ukumbi mzima unafunga maji. Nikageuka nyuma. Wenzangu watunga programu nao walikuwa wameinua mikono, kila mmoja anaunga bomba na bomba hewani. Wakatazama ukumbi, wakatazama mikono yao, wakaishusha polepole.

"Sentensi hiyo niliiandika mimi," nikasema. "Huyu kaka aliyesimama mlangoni aliirekebisha mara mbili. Nikairudisha mara mbili. Akaniomba twende kituoni nikaone, sikwenda. Nikamwandikia barua ya kumshtaki. Siku ile alikuja kwa miguu, kwenye maji, akafungua, na mimi nilikuwa kwenye simu napiga kelele azuiwe. Kama kuna wa kulaumiwa, msimtafute mbali."

"Mama amechoka," Sawasawa akasema haraka. "Hawa wawili walikaa meza moja, huenda wamekubaliana..."

"Historia ya faili ipo," nikamwambia. "Kila neno lina jina la aliyeliandika na siku yake. Na barua yangu unayo mkononi. Isome yote, bosi. Wasikie ilivyo ya uongo."

Msimamizi wa kituo akaruka juu ya benchi. "Si nilisema mimi? Si nilisema huyu kijana alituokoa? Mkaniita mzee asiyeona!"

Baada ya hapo ilikuwa kelele tu. Sikusikia mengi. Nilikuwa namtazama Dada. Mkono wake ulikuwa bado juu, umesimama pale pale ulipoishia kuzungusha.

26 Aprili, Jumamosi

Nimekwenda kwa Dada. Nilifika nikiwa nimepanga maneno mazuri njia nzima, mwandishi mimi. Alikuwa uani na beseni, anafua sare upya, rundo moja mbele rundo moja nyuma. Hakunikaribisha.

"Dada, ni mimi niliyeandika."

"Nilisikia. Nina masikio."

"Ulipouliza siku ile nikakudanganya."

"Hilo ndilo linaloniuma," akasema. "Maji ni maji. Hayana adabu, kila mwaka yanakuja. Wewe ulikaa hapa na ubao wangu mkononi, unakwangua tope langu, unanitazama nikimlaani mtu, na unajua."

Nikalia. Sikutafuta neno lingine. Yeye akaendelea kufua, povu linaruka. Nilidhani atanifukuza. Baada ya kitambo akatoa sketi moja kwenye beseni, nzito kwa maji, akaninyooshea ncha.

"Shika upande huo," akasema. "Tukamue."

Tulikamua mpaka rundo la nyuma likahamia kambani. Jioni aliponisindikiza alisema, "Majirani wananiuliza kama bado najivunia wewe."

"Ukawajibuje?"

"Nimewaambia waniache kwanza nikaushe nguo."

2 Mei, Ijumaa

Nimepewa barua ya onyo la mwisho. Sawasawa amehamishiwa idara nyingine "kwa maombi yake". Meza ya dirishani nimeachiwa mimi. Nimejiuliza kwa nini hawakunifukuza, nikaanza kupanga sababu moja, ya pili, ya tatu. Halafu nikaacha. Kazi ipo.

Kobe amerudi. Nilimfuata pale anapotengenezea chai, nikamwomba radhi. Nilisema maneno mengi. Yeye akasubiri yaishe yote.

"Nilikasirika," akasema. Ndiyo sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia. Akakoroga chai yake. "Bado kidogo."

Nikamuuliza kwa nini aliiomba ile meza. Akasema aliiomba akachelewa, na nilipopewa mimi alifurahi, kwa sababu yeye anajua kuona makosa ya maneno lakini hajui kuyaandika. Nikamuuliza pia ana nani nyumbani. Mama yake. Naye anakaa bondeni.

12 Mei, Jumatatu

Mvua zimekatika. Leo nimekwenda kituoni, mimi na Kobe, kwa miguu, buti za kuazima. Nimeishika koki kwa mkono wangu. Ni kubwa kama usukani wa lori na imepakwa rangi ya buluu. Mtoto mdogo angeiona angejua inafanya nini.

Karatasi mpya nimeiandika na kuifuta mpaka nimemaliza msamiati. Hakuna funga ndani yake. Kuna zungusha, kuna unga, kuna zima, kuna kaza nati. Niliwaomba wote kule ndani waisome, wakaweka maoni pembeni, na maoni ya mtu sikuyafuta hata moja. Nikampa msimamizi aisome kwa sauti mbele ya mabomba, na kila sentensi aonyeshe kwa mkono. Akasoma. Akaonyesha. Kila kitu kilikwenda pale nilipotaka kiende. Nikaanza kujisikia mtu. Kobe ameegemea ukuta, kimya chake kile kile, nami sikukipekua.

Yule mama akafika mstari wa mwisho kabisa, ule ambao sikuufikiria hata kidogo, niliouweka kwa mazoea tu.

"'Ukimaliza, funga mlango.'" Akasimama. Akaigeukia fremu iliyo tupu nyuma yetu, kisha uwanjani, ambako mlango umelalia tope tangu siku ile maji yalipoung'oa bawabani. Akatutazama kwa adabu kabisa.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Niufunge, au niufunge?"

Kobe akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka. Anacheka kwa sauti nyembamba kama filimbi, mpaka akashika goti. Yule mama naye akadakia, na mimi nikacheka huku machozi yananitoka, kwa aibu na kwa kitu kingine kizuri kuliko aibu.

Kobe alipopata pumzi, akapapasa mfukoni, akanipa kalamu.